Hesabu ya Waliofungwa Arua na Koboko

Kila gereza nchini Uganda huhesabu watu wake asubuhi milango inapofunguliwa na jioni inapofungwa. Hesabu ya jioni ndiyo inayoandikwa kuwa idadi ya waliolala gerezani usiku huo, na ndiyo mzizi wa takwimu zote zinazosomwa baadaye Kampala, bungeni na katika taarifa za mashirika ya kimataifa. Gereza la Arua hufuata utaratibu huo, na gereza la Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, hufanya vivyo hivyo. Watu wa Ediofe na mitaa mingine ya jiji la Arua huyajua magereza hayo kwa njia yao wenyewe: kuna mzazi anayepeleka sabuni, kuna mdhamini anayesubiri tarehe ya kesi, kuna katekista anayekwenda kusali na waliofungwa. Wanachokosa mara nyingi ni hesabu.

Askari magereza huhesabu kwanza kwa ajili ya ulinzi. Wanataka kuwa na hakika kwamba hakuna aliyetoroka. Hesabu hiyo hiyo hutumika jikoni, kwa kuwa posho na maharage hupikwa kulingana na idadi ya midomo. Lakini ikipangwa vizuri na kutolewa kwa umma, hujibu maswali mazito zaidi: nani amefungwa, kwa amri ya nani, tangu lini, na yupi alipaswa kuwa ameshatoka. Maswali hayo ndiyo kiini cha kazi ya kukusanya takwimu za magereza.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha makundi. Magereza ya Uganda hupokea watu wa aina tatu. Wapo waliohukumiwa, ambao mahakama imewakuta na hatia na kuwapa kifungo. Wapo mahabusu walio rumande, ambao kesi zao hazijaamuliwa na ambao Katiba inawahesabu kuwa hawana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kundi la tatu, dogo zaidi, ni la wadeni waliofungwa kwa amri ya mahakama ya madai. Gereza linalotangaza idadi moja tu kwa ujumla limeficha jambo la maana kuliko yote, kwa sababu watu mia tano waliohukumiwa na watu mia tano wanaosubiri kusikilizwa ni hali mbili tofauti kabisa za haki.

Hatua ya pili ni jalada la kila mtu. Kisheria hakuna anayepaswa kupokelewa gerezani bila waranti. Waranti ya mahabusu huonyesha kosa analoshtakiwa, mahakama iliyomleta na tarehe ya kurudishwa mbele ya hakimu. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinataka jalada hilo liwe na utambulisho wa mtu, sababu ya kufungwa kwake, siku na saa aliyoingia, majeraha aliyokuja nayo, mali zake, na jina la ndugu wa kuarifiwa akipata shida. Kanuni ya 10 inaongeza kwamba majalada hayo yatumike kutoa takwimu za kuaminika kuhusu waliofungwa, ikiwemo kiwango cha msongamano, ili uamuzi ufanywe kwa ushahidi. Kwa maneno mengine, jalada linamlinda mtu mmoja, na majalada yote yakijumlishwa yanawalinda wengi.

Historia ya magereza ya wilaya inaonyesha ugumu wa kujumlisha huko. Tangu enzi za ukoloni Uganda ilikuwa na mifumo miwili. Serikali kuu ilikuwa na magereza yake, na tawala za wenyeji, baadaye serikali za wilaya, zilikuwa na yao. Magereza ya wilaya yalikuwa mengi kuliko ya serikali kuu. Yalijaa watu wa makosa madogo na, kwa miaka mingi, wanaume walioshindwa kulipa kodi ya kichwa, ambayo ilisimamishwa mwaka 2005. Kwa kuwa hayakuwa chini ya Kamishna Mkuu wa Magereza, aliyetaka kujua idadi ya Waganda wote waliofungwa alilazimika kukusanya pamoja daftari za mamlaka tofauti. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 iliunganisha mifumo hiyo miwili chini ya Idara ya Magereza ya Uganda, iliyokuwa ikiongozwa na Dkt. Johnson Byabashaija tangu mwaka 2005. Kuanzia hapo hesabu ikawa moja. Anayelinganisha takwimu za kabla na za baada ya muungano huo hana budi kukumbuka kwamba sehemu ya ongezeko ilitokana na kuunganishwa kwa daftari, na haikuwa dalili ya uhalifu kuongezeka ghafla.

Hali ya taifa zima inajulikana kwa sababu ya hesabu hiyo moja. Kufikia mwaka 2023 magereza ya Uganda yalikuwa na watu zaidi ya 70,000 katika nafasi zilizokusudiwa watu wapatao 20,000. Karibu nusu yao walikuwa rumande. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mahabusu walikuwa zaidi ya nusu, kwa hiyo uwiano umepungua. Lakini jumla ya waliofungwa imekua sana, na nusu ya idadi kubwa bado ni watu wengi mno wanaolala gerezani bila hukumu.

Neno nafasi linahitaji kuangaliwa kwa makini. Uwezo wa gereza hupatikana kwa kupima eneo la kulala na kuligawa kwa kipimo cha mtu mmoja. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hupendekeza mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika wadi ya pamoja. Ukitumia kipimo kidogo zaidi, gereza lile lile litaonekana kuwa na nafasi nyingi zaidi ingawa hakuna tofali lililoongezwa. Ndiyo maana taarifa njema haitoi asilimia ya msongamano peke yake. Hutaja pia kipimo kilichotumika, na hutenganisha wadi za wanaume na za wanawake, kwa sababu wastani wa gereza zima unaweza kuficha wadi moja ambamo watu hulala kwa zamu.

Somo gumu zaidi katika takwimu hizi ni uhusiano kati ya wanaoingia na muda wanaokaa. Idadi ya waliomo gerezani siku yoyote hutokana na mambo hayo mawili. Chukua mfano wa gereza linalopokea mahabusu 20 kila wiki, na kila mmoja hukaa wastani wa wiki 10. Gereza hilo litakuwa na mahabusu wapatao 200 kila siku. Kesi zikianza kuahirishwa na wastani ukafika wiki 15, mahabusu watafika 300. Watu mia moja wameongezeka bila polisi kukamata mtu hata mmoja zaidi. Na wastani ukishuka hadi wiki 7, watabaki 140, bila kujenga wadi mpya na bila kumwachia mhalifu yeyote kwa upendeleo. Kinachojaza gereza kinaweza kuwa kalenda ya mahakama kuliko mikono ya wahalifu.

Wastani nao una mtego wake. Tuseme watu 90 huingia kila mwezi na kutoka baada ya siku tatu, na wengine watatu huingia kila mwezi na kukaa miaka miwili. Siku yoyote ile kundi la kwanza litakuwa na watu 9 tu gerezani, na la pili litakuwa na watu 72. Anayehesabu walioingia mwaka mzima atasema gereza hili ni la watu wa siku tatu. Anayehesabu waliolala humo usiku mmoja atasema ni la watu wa miaka miwili. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu taarifa kamili hutoa hesabu zote mbili pamoja na muda ambao kila kundi limekaa.

Sheria ya Uganda inafanya muda huo kuwa jambo la haki za msingi. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka aliyekamatwa kwa tuhuma za kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Baada ya marekebisho ya mwaka 2005, mtu aliyekaa rumande siku 60 kabla ya kesi kuanza, kwa kosa linaloweza kusikilizwa na mahakama ya hakimu, hupaswa kuachiwa kwa dhamana kwa masharti ambayo mahakama inaona yanafaa. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, mpaka ni siku 180 kabla kesi haijapelekwa mbele ya mahakama hiyo.

Mpaka huo wa pili unahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha hufikishwa kwanza kwa hakimu ambaye hana mamlaka ya kuisikiliza kesi yake. Kesi hutajwa, huahirishwa, upelelezi unaendelea, hutajwa tena. Upelelezi ukikamilika, hakimu humkabidhi mshtakiwa kwa Mahakama Kuu. Kuanzia hapo husubiri kikao. Arua ina kituo cha Mahakama Kuu kinachohudumia West Nile, lakini kikao cha jinai huhitaji fedha, jaji, mawakili wa serikali na mashahidi wanaotoka mbali. Saa ya siku 180 husimama mtu anapokabidhiwa, na kusubiri huanza upya bila saa. Takwimu inayoonyesha mahabusu wote kwa pamoja haiwezi kuonyesha jambo hili. Inayowagawa kati ya wanaosubiri upelelezi na wanaosubiri kikao huonyesha mara moja ni ofisi ipi inayochelewesha.

Kwa Arua na Koboko mipaka ya nchi huongeza sura nyingine. Eneo hili limepokea wakimbizi wengi kutoka Sudan Kusini, walio katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi, na wengine kutoka Kongo walio Lobule, na biashara ya kuvuka kwenda Kongo ni ya kila siku. Mtu anayezungumza Kibari au Kilingala, aliyekamatwa Koboko bila ndugu karibu, hana mdhamini wa kusimama mahakamani na huenda asielewe anachoshtakiwa. Takwimu zikitaja uraia na lugha, mahakama hujua inahitaji wakalimani wangapi, na mashirika yanayowahudumia wakimbizi hujua pa kwenda. Zikinyamaza, mtu huyo hubaki nambari moja kati ya nyingi.

Zipo pia sehemu za kufungia ambazo hesabu ya Idara ya Magereza haizigusi. Seli za polisi ziko chini ya Polisi ya Uganda, na mtu anaweza kukaa humo zaidi ya saa 48 bila kuonekana katika takwimu yoyote ya magereza. Watoto wanaoshtakiwa hupaswa kuwekwa katika nyumba za mahabusu za watoto zilizo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Ikiwa umri umekadiriwa vibaya na polisi, mtoto huandikwa mtu mzima na kupelekwa gereza la wakubwa, na kosa hilo la kalamu hurudiwa katika kila hesabu inayofuata. Uhamisho nao huvuruga. Mtu akihamishwa kutoka Koboko kwenda Arua, huhesabiwa ametoka mahali pamoja na kuingia pengine. Asiyetenganisha wahamishwa na walioingia upya atamhesabu mtu mmoja mara mbili.

Taarifa zinazotolewa kwa umma hutoka kwa taasisi kadhaa. Ofisi ya Takwimu ya Uganda, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, huchapisha kila mwaka kitabu cha takwimu chenye sehemu ya magereza. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2020 inamtaka Jaji Mkuu atoe taarifa ya kila mwaka, na humo huonekana kesi zilizorundikana. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda imepewa na Ibara ya 52 ya Katiba mamlaka ya kutembelea magereza na sehemu zote za kufungia na kupeleka taarifa bungeni kila mwaka. Tume hiyo ina ofisi ya kanda mjini Arua. Nje ya serikali, shirika la Foundation for Human Rights Initiative limekuwa likiwapeleka wasaidizi wa kisheria magerezani kwa mtindo ulioanzia Malawi mwaka 2000. Wasaidizi hao hupitia orodha ya mahabusu, hutafuta waliopitisha mpaka wa sheria, na kupeleka majina yao mahakamani. Kazi yao inathibitisha kwamba orodha iliyopangwa kwa tarehe inaweza kumtoa mtu gerezani.

Pengo kubwa liko kati ya Kampala na wilaya. Kitabu cha taifa hutoka mara moja kwa mwaka, na kinaposomwa wengi waliohesabiwa wameshatoka na wengine wameingia. Idadi za taifa au za mikoa haziwaambii madiwani wa jiji la Arua wala wazee wa Koboko hali ya gereza lao. Takwimu huzaliwa Arua, hupanda kwenda makao makuu, na mara chache hurudi nyumbani. Hata hivyo gereza lile lile huzijua kila jioni.

Uzito wa hesabu hizi ulionekana wazi wakati wa korona. Mwishoni mwa Machi 2020 wafungwa wa gereza la Arua walijaribu kutoroka katika hofu ya ugonjwa huo, na baadhi yao waliuawa kwa risasi. Mwezi uliofuata Rais alitoa msamaha kwa wafungwa 833 nchini kote ili kupunguza msongamano. Msamaha uliwafaa waliohukumiwa. Mahabusu, ambao ni karibu nusu ya waliofungwa, hawawezi kusamehewa kosa ambalo hawajahukumiwa. Wao hutegemea zaidi mahakama, na mahakama huhitaji orodha inayoonyesha nani amekaa siku ngapi.

Nchi nyingine zimepita njia hii ya kutangaza hesabu za magereza. Mwaka 1773 John Howard, sherifu wa Bedfordshire huko Uingereza, alikuta katika jela ya eneo lake watu walioachiwa huru na mahakama lakini wakazuiwa kwa kushindwa kumlipa mlinzi wa jela ada zake. Alisafiri jela hadi jela akihesabu watu na kuandika sababu za kufungwa kwao, na mwaka 1777 akachapisha alichokiona kwa kila jela na kwa jina la kila mahali. Hesabu ya mahali ndiyo iliyofanya kazi, maana hakuna aliyeweza kusema hali hiyo iko kwingine. Siku hizi Wizara ya Sheria ya huko hutangaza idadi ya wafungwa kila wiki. Marekani, ambako jela nyingi huendeshwa na kaunti, ofisi ya takwimu za haki ya serikali kuu ilianzisha uchunguzi wa kila mwaka wa jela hizo mwaka 1982, wenye kuonyesha ni wangapi hawajahukumiwa.

Taarifa inayofaa kwa gereza la wilaya haihitaji mashine za gharama. Ukurasa mmoja kwa mwezi unatosha. Uoneshe idadi ya waliolala gerezani siku ya mwisho ya mwezi, kwa makundi matatu na kwa jinsia. Uwezo wa gereza na kipimo chake. Walioingia, waliotoka na waliohamishwa. Mahabusu waliopitisha siku 60 na waliopitisha siku 180. Wanaosubiri kikao cha Mahakama Kuu. Watoto wachanga walio na mama zao. Na vifo, pamoja na sababu zake. Isibandikwe kwa Kiingereza pekee ubaoni. Isomwe redioni kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, kwa sababu wanaoguswa ni familia za vijijini.

Faragha lazima ilindwe. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inawahusu waliofungwa kama inavyowahusu wengine, na mahabusu asiye na hatia hapaswi kutangazwa jina lake kijijini. Majina hubaki katika orodha ya gereza na ya mahakama. Kwa umma hutolewa idadi tu. Pale ambapo kundi lina mtu mmoja au wawili, kama mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga katika gereza dogo, idadi yenyewe inaweza kumtambulisha, na hapo huunganishwa na kundi kubwa zaidi.

Faida ya kugawa waliofungwa kwa makosa yao imeshaonekana katika ukanda huu. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka haki, maana zinamwadhibu mtu kwa umaskini wake. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta baadhi ya vifungu vya namna hiyo katika sheria ya makosa ya jinai. Kama vifungu hivyo bado vinawaingiza watu katika gereza la Arua au Koboko, orodha ya makosa ndiyo itakayoonyesha. Orodha hiyo hiyo huonyesha wanaoweza kupewa kazi za kijamii chini ya sheria ya mwaka 2000 badala ya kifungo kifupi, na wanaoweza kumaliza kesi kwa makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu uliopewa kanuni zake mwaka 2016.

Njia ya kudai takwimu hizi ipo tayari. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zinazoweza kuhatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au faragha ya mtu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inaipa ofisi iliyoombwa siku 21 za kujibu. Idadi ya mahabusu wa Arua waliopitisha siku 60 haihatarishi usalama wa nchi wala haimtaji mtu kwa jina. Diwani, mwandishi wa habari, baraza la parokia ya Ediofe au mzazi mwenye kijana rumande anaweza kuiomba kwa barua, akitaja gereza, tarehe na makundi anayotaka, na akaiomba tena mwezi unaofuata ili idadi hizo zilinganishwe.